Mama Mkwe Juu ya Chungu

"Vipande viwili tu, mayu. Nimchemshie Esta."

"Bado," alijibu Paskalina, bila kuinuka. Chungu kilikuwa kimefukiwa nusu ardhini, kimezibwa kwa ubao, na juu ya ubao huo bibi alikuwa ameketi anasokota kamba za katani kana kwamba hapo ndipo nyumbani kwake.

Apolonia, mkaza mwana wake, aliyekuwa amepiga magoti, akanyanyuka na hasira zake. Tangu mvua igome huku Tinde walikuwa wakila mboga za porini tu, na mwanawe Esta hakuwa tena na nguvu za kulia. Mumewe, Jilala, alikuwa machimboni Geita. Muhogo wote waliobakiwa nao ulikuwa umelowekwa majini mle chunguni, umemenywa asubuhi ileile. Mbegu yake mama mkwe alikuja nayo kutoka Uzinza, akasema ni mchungu, una sumu, hauliwi mpaka ulowekwe, uvunde, uanikwe, utwangwe. Apolonia alikulia Usukumani akitafuna muhogo mbichi shambani, na hakuna aliyekufa. Kwake huo ulikuwa uchoyo wa kizee, basi.

Angekuwa mtu mwingine angemsukuma. Lakini mkaza mwana gani humgusa mama mkwe kwa mkono? Paskalina alilijua hilo vizuri sana, ndiyo maana aliketi.

Apolonia akaenda nyuma ya nyumba kumkamua mbuzi matone yaliyobaki. Maganda ya muhogo aliyoagizwa kuyafukia alikuwa amemmwagia huyo mbuzi, maana naye alikuwa na njaa. Alimkuta amelala ubavu, povu mdomoni, miguu ikitetemeka. Akamwinua kichwa. Alipokiachia, kikaanguka chini.

Alibaki amechuchumaa pale. Akawaza sufuria, na mvuke, na mkono wake mwenyewe ukimlisha Esta.

Aliporudi, neno moja tu lilimtoka: mbuzi. Paskalina akaelewa yote. Hakumkaripia. Alimwambia nyama yake isiguswe, kisha akazirudia kamba zake.

"Nilizika mmoja," alisema. "Kabla ya Jilala. Nilidhani kuchemsha kunatosha."

Apolonia akapiga magoti tena, safari hii hakuomba kitu. "Asante, mayu," alisema, na machozi yakamshinda. Alishukuru kwa ubao, kwa ukaidi, kwa mgongo ule mwembamba uliochomwa na jua tangu asubuhi kwa ajili ya mtoto wake.

Alasiri kichwa cha bibi kikaanza kumwangukia kifuani. Apolonia akatandika ngozi ya ng'ombe kivulini, akamsihi ajinyooshe kidogo. Kisha akamnywesha Esta maji ya ukwaju, akambeba mgongoni, akaketi mwenyewe juu ya chungu. Ubao ulikuwa bado na joto.

Mtoto akanung'unika, akaunyoosha mkono chini kwenye ule ubao.

"Bado, mwanangu," Apolonia alimwambia, akaiokota kamba pale ilipoishia.