Jemadari Chini ya Meza

Kwa miaka kumi na mmoja sanduku la kete lilikaa juu ya kabati langu. Mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tulilichonga tukiwa bweni moja, kwa sharti lisilobadilika: anayemteka jemadari wa mwenzake ndiye anayekaa nalo. Kwake lilikuwa halijawahi kulala.

Sheria ni chache, nami sijapata kuzilegeza. Kila mmoja hupanga kete zake thelathini, kila moja ikiwa na cheo kilichochongwa usoni, huzitazama mara moja tu, kisha huzilaza kifudifudi. Tangu hapo hata mwenyewe haruhusiwi kuchungulia, hadi kete mbili zigongane. Mwenye cheo kidogo hutoka. Kete iliyogusa sakafu imekufa. Mtu aliyelelewa kwa kengele ya bweni hachungulii, anakumbuka.

Nakiri kwamba vita vilikuwa vimeanza kuchosha. Nilijua shemeji humficha jemadari wake kona ya kushoto, naye alijua kwamba najua.

Jumamosi moja tulizilaza kete, tukatoka uani kidogo, na tuliporudi sebuleni tukakuta majeshi yote mawili yamepangwa mistari minyoofu kama gwaride. Mke wangu alikuwa amefuta meza.

"Dada," shemeji akauliza kwa sauti ndogo, "zilikuwa zimekaa hivi?"

"Zilikuwa shaghalabaghala. Nimewapangia."

Tukatazamana. Kuzifunua ni kuchungulia. Kuanza upya ni woga.

"Zamu yako," nikasema.

Havikuwa na mfano vita vile. Mpishi wangu alijikuta mstari wa mbele, uso kwa uso na kanali.

"Shemeji, unatuma mpishi? Umeishiwa watu?"

"Ni mbinu," nikajibu, nikimsindikiza mpishi nje ya ubao.

Wiki iliyofuata yeye alizungushia kete nane kete moja aliyoidhani ina hadhi. Nilipoifikia, ilikuwa mpiga tarumbeta. Nilicheka hadi nikalazimika kuomba radhi. Vita hivyo hivyo vikaendelea miezi minne, na hatukukosa Jumamosi hata moja.

Hatimaye nilibakiwa na kete moja. Shemeji akaigonga: mbeba maji.

"Jemadari yuko wapi? Umemmeza?"

"Chunga ulimi wako."

"Ulikuwa kiranja, sawa, lakini nimehesabu. Ishirini na tisa!"

Mke wangu akachungulia kutoka jikoni. "Mnatafuta kete iliyopungua? Meza ilikuwa inacheza siku ile niliyoifuta. Niliitia chini ya mguu wake."

Nikapiga magoti. Alikuwepo, uso umepondeka, amevibeba vita vyote mgongoni.

Shemeji alicheka mpaka akajifuta machozi. "Mrudishe ubaoni tuendelee, bwana! Sijafurahi hivi tangu shule."

"Yuko sakafuni."

"Nani kaona?"

"Mimi."

Kwa miezi minne nilikuwa nikitoa amri hali nimeshashindwa. Nikasimama wima, nikashusha sanduku kabatini, nikamkabidhi shemeji kwa mikono miwili. Halikuwa zito, vidole ndivyo vilivyochelewa kuachia.

Jumamosi iliyofuata nilibisha hodi kwake mapema, mke wangu nyuma yangu. Tukapanga kete, tukazitazama mara moja, tukazilaza. Kisha tukatoka uani, wanaume wawili wazima, tukamwacha mke wangu ndani na kitambaa chake.

"Tayari!" akaita.

Mistari ilikuwa minyoofu. Nikaiegemea kwa kiwiko meza yake, ambayo siku zote hucheza; haikutikisika hata kidogo. Shemeji naye akaiegemea.

"Zamu yako," akasema.