Siku Mama Sajini Alipokuwa Kuruti

Kama hujawahi kuishi katika nyumba za askari, nisikilize vizuri, maana kule laini za Lanet miaka hiyo jeshi halikuishia kwa wanaume. Mume akishonewa tepe mkononi, mke naye ameshonewa, hata kama lake halionekani. Pale bombani mke wa sajini alichota maji kwanza, wakafuata wake wa makoplo, na mwisho kabisa wakaja wake wa askari wasio na tepe, na hata hao walipangana kwa tarehe ambayo mume aliandikwa. Hakuna bwana mkubwa aliyetunga sheria hiyo. Wanawake waliitunga wenyewe, na ole wake aliyeivunja.

Chepkemoi alikuwa wa kumi na nne. Na walikuwa kumi na nne.

Mumewe, Kiprugut, alikuwa ameandikwa juzijuzi tu, na Chepkemoi mwenyewe alikuwa na miezi mitano pale, bibi arusi wa miaka kumi na tisa kutoka Mau Narok. Alichota maji ya mwisho, alisugua masufuria ya wakubwa wake, na alipasua kuni za Mama Sajini. Lakini ungemuuliza kama ana raha, angekuambia anayo tele. Kila jioni tarumbeta ikilia, Kiprugut alirudi, akavua buti, akaketi kwenye kigoda na kumsimulia mambo ya kambini mpaka chai ikapoa. Wenzake aliowaacha nyumbani walionana na waume zao Krismasi hadi Krismasi. Yeye wake alimwona kila siku, na alimpenda, sioni haja ya kuzungukazunguka.

Basi mwezi wa sita mwaka wa 1957, wiki moja kabla ya sikukuu ya kuzaliwa kwa Malkia, ikaja barua. Ilitoka kwa Chepchirchir, mama yake Kiprugut, ameandikiwa na mwalimu wa shule ya pale shamba la ngano walikokaa. Haikuwa na salamu nyingi. "Mwanangu," ilisema, "nasikia huko jeshini wake wa wadogo ni watumwa wa wake wa wakubwa. Sikutoa ng'ombe ili mke wako awapasulie watu kuni. Nakuja siku ya sikukuu. Nikikuta ni kweli, narudi naye nyumbani."

Kiprugut aliisoma mara mbili, akakuna kichwa. Huyu ndiye kijana ambaye sajini akimwita anaitikia mpaka madirisha yanatikisika, lakini mama yake akikohoa tu, anatazama vidole vya miguu. Chepkemoi alijua kwamba mama akisema, "Twende," mume huyo atambebea sanduku mpaka barabarani, huku machozi yanamtoka.

Sasa, wiki hiyo hiyo laini nzima ilikuwa na shida yake. Miaka mingine kambi ilichinja ng'ombe kwa ajili ya familia siku ya sikukuu. Mwaka huo likaja tangazo: ng'ombe hakuna, kila mtu ajifurahishe kwa uwezo wake. Uwezo gani? Mama Sajini, yaani Nekoye, mke wa Sajini Khisa, mwanamke mwenye mikono ya kukoboa gunia zima la mahindi bila kupumzika, akawaita wote bombani.

"Mfuko ni mwembamba, lakini aibu hatutaki," alisema. "Watoto watasherehekea. Bendi itawapigia wazungu kule uwanjani, sivyo? Upepo wa mchana unavuma kuja huku. Tutatandika mikeka nyuma ya nyumba za mwisho, na muziki tutaupata bure. Magunia matupu ya unga yapo, watoto watashindana nayo. Bendera tutatengeneza. Kila nyumba ilete chakula ilichonacho, na atakayesema hana, nitakuja mwenyewe kukagua jiko lake."

Shuka kuukuu ya Anyango, mke wa koplo, ikachanwa vipande. Vingine vilichovywa katika buluu ya kufulia, vingine katika maji ya bitruti. Buluu ilikolea vizuri. Nyekundu ilitoka rangi ya fizi za mtoto, lakini Mama Sajini alitangaza kwamba Malkia yuko mbali na hataona.

Katikati ya kuchovya huko Anyango akamwona Chepkemoi analia ndani ya karai. Akamhoji, akaambiwa habari ya barua, naye akaipeleka kwa Nekoye moja kwa moja, maana Anyango hakuweza kulala na habari tumboni.

"Ati watumwa!" Nekoye aliwaka. "Nani mtumwa hapa? Mimi namfundisha kazi!"

"Sawa, mfundishe," Anyango alijibu. "Lakini akiondoka, nani atapasua kuni zako? Mimi mgongo wangu unauma."

Nekoye alimtazama yule msichana, macho mekundu, mikono imekuwa buluu mpaka kwenye viwiko, na nadhani hapo roho ilimlainika, ingawa mwenyewe alikataa neno hilo mpaka kufa. Akasema kwamba siku ya sikukuu wangegeuza mambo. Chepkemoi awe wa kwanza, na yeye Nekoye awe wa kumi na nne. Huyo mama mkwe aje aone mwanawe ameoa mtumwa au la.

"Wewe? Wa mwisho?" Anyango aliuliza, meno yote nje.

"Siku moja nitakuwa kuruti. Siku moja haiui mtu."

Siku ikafika. Asubuhi wanaume wote walikuwa kwenye paredi. Dereva wa lori la ngano alimshusha Chepchirchir penye barabara ya Nairobi, na akaja kwa miguu, mwembamba, amenyooka, nusu gunia la viazi mgongoni. Nekoye alimkimbilia.

"Karibu, mama, lete mzigo."

Chepchirchir alimpima kuanzia kitambaa mpaka viatu. "Na huyu ni nani?"

"Huyo?" Chepkemoi alijibu. "Huyo ni Nekoye tu. Hunisaidia kazi."

Lo! Lile neno "tu" lilimwingia Mama Sajini kama mwiba wa kisigino. Lakini alibeba gunia.

Wakamketisha Chepkemoi kwenye kiti cha Nekoye mwenyewe, kiti pekee chenye mgongo katika laini nzima. Kila alipotaka kuinuka, Anyango alimkandamiza bega. "Keti, mama mkubwa. Kazi tunayo sisi." Akaletewa chai. Akaletewa andazi. Akapepewa nzi! Bendi ikaanza kule uwanjani, upepo ukaileta vizuri kabisa, watoto wakaanguka ovyo ndani ya magunia na kucheka, na ungetazama kwa mbali ungesema sherehe imefana. Chepkemoi alikaa pale akitokwa jasho, viganja vinamwasha kwa kukosa kazi.

Mama mkwe naye alikuwa ameshamshika kuruti wake. "Wewe Nekoye, menya viazi hivi. Ala! Unatupa nusu ya kiazi na ganda? Kwenu hamkufundishwa? Hebu kata nyembamba. Na moto huo unazimika, huoni?"

"Naona, mama," Nekoye alisema, taya zimekaza. Anyango alikuwa nyuma ya shuka zilizoanikwa, amejiziba mdomo kwa leso, anatetemeka mabega.

Saa saba wanaume wakarudi kutoka paredi. Kiprugut alikuja anang'aa, akamwamkia mama yake, akaona mkewe amekaa kwenye kiti cha Mama Sajini na Mama Sajini amechuchumaa penye moshi, na macho yakamtoka pima. Hakuwa ameambiwa lolote. Kabla hajafungua mdomo, Chepchirchir aliweka kikombe chini.

"Nimeona," alisema. "Chepkemoi, funga nguo zako. Lori linapita saa kumi."

"Kwa nini, mama? Si umeona wanavyoniheshimu?"

"Nimeona sana. Tangu nifike hujashika hata mwiko. Nilikuja nikidhani nitakuta mtumwa, kumbe nimekuta mvivu! Mtumwa ningemhurumia. Miezi mitano tu na umekuwa kama memsahibu, hata nzi unafukuziwa. Ukikaa huku mwaka mzima, mwanangu ataanza kukufulia nguo. Twende ukalime, mikono ikumbuke."

Njia ya mwongo ni fupi, hilo kila mtu analijua, lakini hii ilikuwa fupi kupita kiasi. Chepkemoi alimtazama mumewe. Kiprugut alikuwa anatazama buti zake.

Aliyelipuka ni Nekoye. Alitupa kisu katika karai la viazi, akasimama wima.

"Mvivu? Huyu? Mama, mimi ndiye mke wa sajini hapa! Kiti hicho ni changu! Huyu ni wa kumi na nne, wa mwisho kabisa, na ndiye anayesugua masufuria yangu na kupasua kuni zangu, na hakuna anayepasua vizuri kuliko yeye kutoka hapa mpaka Nakuru!"

Alisema kwa nia njema, maskini. Kisha akasikia maneno yake mwenyewe, na mkono ukaenda mdomoni.

"Kumbe," Chepchirchir alisema polepole. "Basi ni kweli. Ni mtumwa. Na juu ya hayo ni mwongo. Twende."

Watoto walikuwa wameacha kuruka. Bendi ilikuwa inapiga wimbo fulani wa furaha, hauna habari na mtu. Chepkemoi aliona kwamba akitumikishwa anarudi, akitumikiwa anarudi, na hakuna uongo mwingine uliobaki wa kujaribu. Akapiga moyo konde. Aliinuka kwenye kile kiti, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, na akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, jambo ambalo msichana wa kwao hakutakiwa kulisema mbele ya watu, sembuse mbele ya mama wa mume.

"Nimedanganya, mama, nisamehe. Kuni napasua. Maji nachota mwisho. Kama ni kulima, nitalima hata huku, nionyeshe shamba. Lakini usinirudishe. Nampenda mwanao. Jioni anakuja nyumbani, ananisimulia, tunacheka. Nikienda Mau Narok nitacheka na nani?"

Kiprugut aliacha kutazama buti. Alivua kofia, akaja akapiga magoti pembeni ya mkewe, suruali ya paredi na pasi yake yote ikaingia vumbini. Kwa kijana yule, hilo lilikuwa hotuba ndefu.

Chepchirchir midomo ilimcheza, mtu angedhani atatukana.

"Baba yake huyu alipokwenda vitani Burma," alisema mwishowe, na hakuwa anawaambia hao wawili tu, "wazee waliniambia mke mwema hubaki shambani. Nikakaa. Miaka minne. Nililima mpaka mwenye shamba akanisifu. Siku moja natoka mtoni na maji, nikamkuta mwanamume amesimama mlangoni pangu. Nikamuuliza anamtafuta nani. Akasema anamtafuta Chepchirchir, akaniuliza kama namjua."

Nekoye alikuwa ameketi chini, penye maganda ya viazi, uso mkononi. Hata Anyango alikuwa ametoka nyuma ya shuka, na hacheki.

"Tulikaa miaka kumi baada ya hapo mpaka akafa," Chepchirchir alisema. "Alikuwa mtu mzuri. Sikuwahi kumzoea."

Akamshika Chepkemoi mkono, akamwinua, akampangusa vumbi magotini kwa kiganja chake kigumu, kwa nguvu, kama anayepiga mkeka.

"Kaa hapa," alisema. "Kama ni kuchokana, mchokane mkionana."