Januari Thelathini

Neville Brodziak alikuwa amemaliza mpango wa miaka thelathini, na alijiona kidume. Nchi ingeacha nyambizi zake za dizeli na kuingia kwenye za nyuklia, na kila hatua alikuwa ameibandika ukutani ofisini kwake Canberra: nani afundishwe, nani ashike zamu kwenye kinu, mwezi gani. Ijumaa mpango ungekwenda kwa waziri.

Kamanda Ingrid Falzon, aliyejua vinu vya nyuklia kuliko jiko lake, aliutazama ukuta huku akitafuna biskuti.

"Hongera, Mzee Nev. Ila kinu chako kina raha."

"Kivipi?"

"Kila Januari kinakwenda likizo."

Neville akacheka, kisha akaacha. Safu za Januari, zote thelathini, zilikuwa nyeupe pe. Hakuna aliyemwambia aziache wazi. Canberra, Januari ni likizo ya kiangazi, haipangwi kitu. Watu wako ufukweni wanageuza kamba wa baharini juu ya makaa. Dizeli unaizima, unakwenda zako. Mazoea yana taabu.

"Hata ukikizima kinabaki na joto," Ingrid alisema. "Kinataka mtu. Umewapa wanamaji likizo ya miaka miwili na nusu, bwana. Watakuchagua waziri mkuu!"

Neville akaanza kuzijaza. Kwa Januari ya kwanza kabisa, watakaokuwa wamefuzu ni wanne tu, na zamu zinataka wanne. Wa nne alikuwa Keely, binti yake, aliyekuwa akisomea vinu Marekani. Tangu mama yake afariki, wiki tatu za Januari ndizo zilizokuwa zao: karavani ileile ya kulala, ufukwe wa Batemans Bay, kriketi mchangani. Neville aliitazama ile nafasi, roho ikamuuma. Angeweza kusogeza kuwashwa kwa kinu mwaka mmoja mbele, na nani angejua?

Akampigia Keely simu, akamweleza zile Januari tupu.

"Baba, hiyo rasimu tuliletewa darasani," Keely alisema. "Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Wenzangu wakauliza, bwege gani huyu?"

"Ukawajibu nini?"

"Nikanyamaza. Baba, utaniandika Januari, sivyo?"

"Naweza kusogeza..."

"Usisogeze. Ukisogeza nitajua. Na hao kamba usiwaunguze kama kawaida yako."

Neville akachukua kalamu ya wino usiofutika, akaandika: Brodziak, K. Halafu akaketi. Kamba wa Januari hiyo angewageuza peke yake.