Utepe wa Mgeni Rasmi

Mimi siri naitunza kuliko benki. Hii, kwa mfano, nimewaambia majirani tu, na muuza mkaa, na wale tuliokutana kwenye foleni ya bomba.

Siku hiyo wifi yangu, fundi cherehani, alifika hospitali kwa ndala, kwa sababu miguu ilivimba ikakataa viatu. Usiku alilala ameketi. Akijinyoosha tu, pumzi inakata. Figo zake zimegoma siku nyingi. Bila ile mashine ya kusafisha damu, maji yanabaki mwilini yanamzamisha akiwa nchi kavu. Zamani alisafishwa mara tatu kwa wiki. Kisha ukaja mpango mpya, wa haki na uendelevu, ukamkatia mara moja, zikabaki mbili, ili eti na wengine wapate. Hao wengine nao wakakatiwa. Tukabaki tunaulizana, hiyo iliyokatwa anaila nani?

"Wifi, leo umenona," nikamwambia benchini.

"Nimenona maji. Njoo unikamue, uoshee vyombo vyako vilivyolala, mvivu wewe."

Sista akampandisha kwenye mizani, akasoma. Akamwita msimamizi, yule tunayemwita Kola, maana shingo yake imekakamaa kama imepigwa wanga.

"Mama, mashine moja imekufa asubuhi hii," Kola akasema. "Utarudi wiki ijayo."

"Wiki ijayo nitaletwa nimebebwa. Si kuna mbili mpya chumba kile?"

Chumba kile alikijua. Utepe mwekundu uliofungwa mlangoni aliushona yeye, bure, na fundo la ua akalifunga kwa mikono yake. Mashine mpya zilikuwa zinamsubiri mgeni rasmi aje akate utepe, apigwe picha. Mara mgeni rasmi yuko safarini, mara ana kikao, mara kasafiri tena. Katika kusubiri huko alikufa mama muuza mboga aliyekaa kiti cha mwisho, akafuata dereva wa lori. Watu wazima, wenye watoto, wamekufa wakisubiri mkasi!

"Hazijaunganishwa maji," Kola akasema. "Na haki ni kugawana kilichopo, mama. Nikikupa wewe leo, mwingine nitamwambia nini?"

Mwalimu mstaafu, mirija mkononi, akainua kichwa kutoka kitini kwake. "Mwambie ni mimi huyo mwingine. Sista, nitoe mapema, muda uliobaki mpe yeye."

"Utaratibu hauruhusu, mwalimu."

"Huo utaratibu una figo zake?" wifi akauliza. "Zote mbili nzima, eh?"

Wakacheka, kicheko kikavu cha watu waliokatazwa kunywa maji.

Ndipo mashine ikalia. Ti-ti-ti-ti. Mlio ule wagonjwa wanaujua hata usingizini. Kila mmoja akageukia mashine yake. Zote zimetulia. Sista, kwa mazoea, miguu ikamchukua yenyewe mpaka kwenye mlango wa utepe. Hapo akakumbuka. Akaganda, macho sakafuni.

"Ni fundi," Kola akasema haraka. "Yumo ndani anaunganisha maji. Anajaribu."

Wifi akajikokota hadi mlangoni, akalitazama lile fundo. "Hili si langu. Langu lilikuwa na masikio sawasawa. Hili kafunga mtu anayejua kufunga kamba za viatu tu."

"Usiguse, mama! Hiyo ni mali ya umma!"

"Na mimi nani? Mali ya mjomba wako?"

Akafungua mkoba wake, akatoa mkasi wa kazi, akakata. Hakuna aliyepiga picha.

Ndani, bibi mmoja ameegemea kiti kipya, amejifunika shuka la maua la kutoka nyumbani, damu yake inazunguka kwenye mirija taratibu. Kiti cha jirani bado kimevaa nailoni. Kola akatupita mbio, meno yote nje.

"Shikamoo, mama. Fundi wa maji ametoka?"

"Marahaba. Fundi gani tena, mkwe wangu?" bibi akashangaa. "Kila ninapokuja niko peke yangu humu. Na hiki kiti cha pili si nilikuambia umpe mtu?"