Tone la Kiganjani

Nyumbani kwa fundi makochi, chakula kilikuwa hakiepuliwi mpaka kipite kwanza kwenye kiganja cha mke wake. Mume ndiye aliyekuwa anapika. Ila kutwa nzima anashinda kabana misumari midogo midomoni, anachomoa mmoja mmoja na kuigongelea kwenye kitambaa, kwa hiyo jioni ulimi wake haujui ladha nyingine zaidi ya chuma. Akifika kwenye chumvi anaita, "Mama Kiganja, njoo." Mke anakinga mkono, tone linadondoka, analamba, anasema "bado" au "imekubali." Hakuna rufaa.

Tena walikuwa na wazimu wa msimu. Kitu kikianza kuonekana sokoni, ni hicho hicho mpaka kiishe. Mwaka jana njegere zilipoingia walikula njegere asubuhi na jioni, mpaka dada wa mume akawaambia zitawaota masikioni.

Mwaka huu, maboga yakiwa karibu kuanza, mke alishikwa na homa. Homa ikaondoka, na ladha ikaondoka nayo. Chai ikawa maji ya moto, mkate ukawa sponji. Siku moja akajifungia jikoni akatafuna kitunguu kibichi. Machozi yakamtoka, ladha haikuja. Wala hakuwa analia, yalikuwa machozi ya kitunguu tu. Akanawa uso, akaenda kazini kwa dobi, akapiga pasi mashati mpaka jioni, na moyoni hakusikia vibaya wala vizuri.

Hakumwambia mume. Si kwamba aliogopa kugombezwa, yule bwana hata nzi hamgombezi. Aliogopa atamhurumia. Ataanza kurudi na mikate kimyakimya, na jiko litapoa. Na watu wawili wasio na mtoto, wakikosa sufuria ya kuizunguka, wataongea nini?

Boga la kwanza lilipokuja, mume alilipasua kwa furaha. "Ona rangi hii. Mtu anaweza kulivaa." Akalipika na kitunguu na maziwa, akamwita. Tone likadondoka. Lilikuwa la moto, laini, basi. Mke akakumbuka kwamba zamani alizoea kusema bado mara moja kabla ya kukubali.

"Bado," akasema.

Mume akaongeza chumvi, tone lingine likadondoka.

"Imekubali."

Ikawa ndiyo hivyo kila jioni, bado moja, imekubali moja. Mume akaanza kula polepole kuliko zamani, na jagi la maji likawa linaisha kabla ya sahani.

Jumapili akaja wifi, yule dada wa mume mwenye maneno. Akapakuliwa boga, akaweka kijiko mdomoni, akakitoa taratibu.

"Kaka, hili boga mmelivua baharini?"

"Kwani vipi?"

"Vipi nini? Mnataka kunikausha kama samaki. Kama mmenichoka si mseme, nina nauli yangu."

Mke akaona sufuria yao inadhalilishwa. Akashika kijiko, akala, akaongeza, akamaliza bakuli zima bila hata kukunja uso. Alipoinua macho, kaka na dada walikuwa wameacha kutaniana. Wanamtazama yeye.

Wifi akanywa maji, akaleta habari za majirani, akaaga mapema. "Wifi yangu, jitunze," alisema mlangoni, na safari hii hakuwa anatania.

Mke aliporudi jikoni, mume alikuwa amesimama na mwiko.

"Hebu onja kidogo."

Akakinga mkono. Akalamba. Joto.

"Bado," akasema.

Mume akaweka mwiko chini. "Hayo ni maji ya birika."

Mke akajifuta kiganja kwenye khanga, polepole, kama kazi iliyokuwa inamsubiri.

"Tangu lini?"

"Tangu homa."

"Hata pilipili?"

"Inachoma tu. Kama kushika pasi."

Mume akakaa kwenye kigoda. "Mimi nilidhani ni ulimi wangu," akasema. "Kila siku nakula chumvi tupu, najisemea, misumari imenimaliza. Nikaona nikikwambia utaniambia niache ufundi."

Mke alitaka kucheka.

"Utaacha kupika?" akauliza.

Mume alichukua sufuria, akaenda kumwaga lile boga nje.

Kesho yake akarudi na mkate. Keshokutwa pia mkate. Wakala wakitazama ukutani, na mke akaona ndivyo alivyowaza, wala hakushangaa. Akatafuna sponji yake, akaosha vikombe, akalala.

Halafu jioni moja mume akaingia na mfuko begani, akaumwaga mezani. Mahindi mabichi, na majani yake.

"Yameingia," akasema. Vidole viwili alikuwa amevifunga kitambaa. "Leo misumari nimeiweka kwenye kifuniko cha kopo. Nimejigonga kama mtu anayeanza kazi. Lakini mdomo mtupu tangu asubuhi."

Akapukuchua, akapika na maziwa. Akaonja mwenyewe, akakunja uso, akatia chumvi, akaonja tena. Kisha akaita, "Mama Kiganja, njoo."

"Nije nifanye nini?"

"Kinga mkono, bibie. Maswali baadaye."

Akakinga. Tone likadondoka.

"La moto?"

"La moto."

"Mimi naona utamu kwa mbali. Chumvi..." Akalamba mwiko, akafikiri. "Chumvi sijui."

"Kama hujui, bado," mke akasema.

Mume akachota kidogo kwa ncha za vidole, akatia, akakoroga. Mke akasubiri pale pale, hasikii kitu ulimini, mkono kaukinga.