Muhuri wa Kichwa Chini

Kila asubuhi mipira miwili kati ya sita ya timu ya Kibuli Umoja iliamka imelegea, na kila asubuhi Gernot aliijaza upepo kwa pampu ya baiskeli huku Cleopas akishika sindano isichomoke. Kazi hiyo waliifanya bila maneno mengi. Mzee alikuwa na miaka sabini na mbili, na goti la kulia lililomtoa uwanjani kule kwao Ujerumani kabla hajafika thelathini. Cleopas, wa miaka thelathini na sita, alikuwa mwendesha boda boda aliyependa mpira kuliko abiria. Ndiye aliyebeba maji, koni, na siku goti lilipogoma, akambeba na mzee mwenyewe.

"Kocha, leo saa kumi tunapanda daraja," Cleopas alisema.

"Tukishinda," alisema Gernot. "Na wakiniruhusu kukaa kitini."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Msimu huu ligi ilitangaza kwamba kocha asiye na leseni hakanyagi eneo la makocha, na timu isiyo na kocha mwenye leseni inanyang'anywa pointi za siku hiyo. Mwenyekiti wa timu, Sulaimani, muuza vipuri, aliomba muda na kuomba tena mpaka muda wenyewe ukaisha. Mwisho ulikuwa leo.

Cleopas alimshusha Gernot Lubaga, kwenye ofisi ya ligi, kisha akaondoka kutafuta riziki. Gernot alikaa kwenye benchi saa mbili na nusu, bahasha mapajani, akitazama watu waliokuja nyuma yake wakiingia mbele yake. Alipoitwa, ofisa aliyeitwa Oola, aliyekuwa polisi kabla ya kuhamia kwenye mpira, alikuwa anamalizia muhogo wake.

"Cheti changu ndicho hiki, bwana," Gernot alisema. "Nilikipata mwaka elfu moja mia tisa sabini na tisa."

Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja, alikopelekwa na serikali yake kufundisha mpira akiwa kijana, na Kampala nzima ilikicheka kwa upendo. Oola hakucheka. Alipapasa kompyuta kwa kidole kimoja.

"Mzee, hii nchi yako hapana iko."

"Ilikuwako. Ni Ujerumani Mashariki."

"Kwa kompyuta iko Germany moja tu. Hii ingine mimi naiandika wapi?" Akakigeuza cheti, akakigeuza tena, kisha akainua macho. "Na hii muhuri? Kichwa iko chini, miguu iko juu! Serikali gani inagonga muhuri namna hii? Mzee, hii ni feki."

"Ni cha kweli, bwana. Hakuna cha kweli kuliko hiki."

"Wenzako wote naleta karatasi safi. Wewe enda, leta safi. Mimi niko hapa mpaka saa nane."

Nje, Gernot alimpigia Sulaimani. Mwenyekiti hakuhangaika hata kidogo. "Enda Wandegeya, mzee wangu. Juu ya duka la chapati kuna binti anaitwa Ayot. Yeye atanyoosha."

Ayot alikuwa binti wa askari, amekulia kambini, na Kiswahili kilimtoka haraka kama karatasi zilivyotoka kwenye mashine zake. Wanafunzi walijazana mlangoni na tasnifu zao. Alikiweka cheti kwenye skena, kikajitokeza kwenye skrini kikubwa kuliko Gernot alivyowahi kukiona: jina la chuo cha makocha cha Rehfurt, alama zake, mbinu za ulinzi vizuri sana, kuogelea wastani.

"Naondoa hii neno, naondoa na hii," Ayot alisema, na nchi ikatoweka kwa mibofyo miwili. Gernot alitazama. Hakuumia alivyodhani angeumia. Nchi hiyo alishaizika. Kisha binti akauzungushia muhuri mstari, akaupindua, ukasimama wima.

"Sasa iko sawa, mzee!"

"Rudisha," Gernot alisema.

"Nini?"

"Muhuri. Urudishe ulivyokuwa."

Ayot alimwangalia kama mtu aliyekataa chakula. "Lakini watakukatalia kwa sababu ya hii tu!"

"Aliyeugonga ni mke wangu."

"Mke wako alikuwa serikali?"

"Alikuwa na wiki moja kazini."

Ingrid alikuwa karani wa chuo, na siku alipokigonga cheti hicho muhuri alikuwa na haraka. Alipoona alichokifanya alianza kulia, akidhani kazi imekwisha. Gernot akamwambia kwamba hakuna atakayetazama. Kwa zaidi ya miaka arobaini hakuna aliyetazama: si Unguja, walikokwenda wakiwa maharusi, si Kampala, walikohamia baada ya nchi yao kufutwa. Gernot kila mwaka alimtania mkewe kuhusu muhuri ule. Sasa Ingrid alikuwa na miaka sita kaburini, na Gernot hakuwa na mtu wa kuzungumza naye Kijerumani hata cha salamu. Usiku mwingine alijisemea maneno peke yake ili asiyasahau, na aliona aibu kwa ajili hiyo ingawa hakuna aliyemsikia.

Akamwomba Ayot cheti chake, akakirudisha kwenye bahasha, akatoka. Binti alitikisa kichwa, akaliacha faili wazi kwenye skrini, akaita mteja mwingine.

Kwenye simu Sulaimani alipiga kelele. "Vijana wanakungojea wewe, na wewe unasumbuka na muhuri? Tutanyang'anywa pointi!"

"Najua. Nisamehe."

"Basi kaa," Sulaimani akasema. "Nitafanya mpango."

Gernot alipanda kilima cha Kibuli kwa miguu, goti likimlaani. Njia nzima alijiona mchoyo. Vijana walikimbia msimu mzima, yeye akawauza kwa ajili ya alama ya wino.

Alipofika uwanjani, timu ilikuwa inapasha misuli. Kwenye kiti chake cha plastiki alikaa Cleopas, amevaa shati lililopigwa pasi na kitambulisho shingoni. Alipomwona mzee aliinuka nusu, akakaa, akainuka tena, asijue pa kuweka mikono.

Oola alikuwa na faili lake kando ya kamba iliyotenga eneo la makocha na watazamaji, mchangamfu kabisa.

"Unaona, mzee? Timu yako imepata mtu. Huyu ndiyo mambo yake iko sawa. Amesomea kwenu!"

"Kwetu wapi?"

"Ona mwenyewe."

Gernot alilipokea faili, akavaa miwani. Chuo cha makocha, Rehfurt. Mbinu za ulinzi, vizuri sana. Kuogelea, wastani. Mwaka wa kuhitimu, 1979. Kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa jina, lililokuwa la Cleopas, na muhuri, uliokuwa umesimama wima.

Oola alikuwa akimtazama, akisubiri. Ng'ambo ya uwanja, vijana nao walikuwa wameacha kukimbia. Ilitosha mzee auweke ukucha juu ya ule mwaka, ambao Cleopas alikuwa hajazaliwa. Cleopas aliinamisha kichwa, akaangalia viatu vyake.

"Ni chuo kizuri," Gernot alisema, akalirudisha faili. "Nakifahamu."

"Nilikwambia! Karatasi safi hapana sumbua mtu." Oola akalifunga, kisha akainyanyua kamba juu kidogo kwa adabu. "Sasa pita huku nyuma, mzee. Hapa ni ya makocha."

Gernot aliinama, taratibu kwa sababu ya goti, akapita chini ya kamba.