Mama Ajaza Fomu

Jina la Betri alipewa na wenzake wa hosteli ya vijana waliokosa makao, kwa sababu mdomo wake haukuwahi kuishiwa chaji. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, kazi katika duka la fotokopi na, tangu wiki sita zilizopita, chumba chake mwenyewe. Kiliitwa chumba cha mpito: hosteli inakupa mwaka mmoja ujifunze kujitegemea, kisha ushike njia yako. Kilikuwa na kitanda, meza, jiko dogo la umeme na dirisha lililotazama tangi la maji. Siku za mwanzo Betri alikuwa akifunga mlango kwa ufunguo na kuufungua tena, hatoki wala haingii, anajifurahisha tu.

Jumamosi moja asubuhi mlango ukagongwa. Alikuwa mama yake, na sanduku lililobakiwa na gurudumu moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiyo hapa?" Mama aliingia bila kusubiri karibu, akabonyeza godoro kama anayechagua nyanya. "Limelegea."

"Umekuja kunitembelea?"

"Kwani mtu hawezi kumtembelea mwanawe?"

"Anaweza. Ila haji na pasi." Waya wa pasi ulikuwa unaning'inia kwenye zipu ya sanduku.

Miaka miwili nyuma baba wa kambo, fundi wa friji, aliamua kuwa chumba cha Betri kinafaa zaidi kuwekea friji za wateja. Betri akatoa maoni yake, na hayakuwa mafupi. Kesho yake aliporudi kutoka matembezini akakuta kitasa kimebadilishwa. Mama alikuwa upande wa pili wa mlango. "Nenda kwanza," alimwambia kwa sauti ya chini, "mambo yapoe." Yalipoa miezi kumi na mmoja, Betri akihama kutoka kochi la huyu hadi mkeka wa yule, mpaka hosteli ilipompokea.

Sasa fundi alikuwa amebadilisha kitasa tena, na safari hii mama ndiye aliyebaki nje.

"Jana umelala wapi?" Betri aliuliza.

"Saluni kwa shoga yangu. Kwenye kile kiti cha kuoshea nywele. Shingo hii hapa, inageukia upande mmoja tu."

Betri alitaka kucheka, akataka na kulia, akaona heri atafute kalamu. Fomu za hosteli zilikuwa zikitolewa nakala dukani kwao, na alikuwa nazo chache kwenye droo.

"Kaa, mama. Hapa hatupokei mtu bila fomu."

"Mimi nijaze fomu kwa mtoto niliyemzaa?"

"Mimi niliijaza mara mbili. Ya kwanza waliipoteza. Umri?"

Mama alisoma juu ya karatasi palipoandikwa kwamba huduma ni kwa wenye miaka kumi na sita hadi ishirini na minne. "Ishirini na minne," alisema, macho makavu.

"Ulinizaa ukiwa na miaka mitatu."

"Nilikuwa mwepesi."

"Sababu ya kuondoka nyumbani?"

"Andika nimeondoka mwenyewe."

"Wote tunaandika hivyo." Betri akaandika: amefungiwa nje. Akashuka hadi swali linalofuata, akalisoma kabla hajalitafakari. "Je, nyumbani palikuwa na mtu mzima ambaye angeweza kukutetea?"

Tangini maji yalikuwa yakijaa. Mama alikunja kona ya fomu, akaikunjua.

"Wewe uliandika nini hapo?"

Betri aliifunika kalamu kwanza. "Niliandika hakuna."

Mama alitikisa kichwa taratibu kwa ile shingo ya upande mmoja. "Uliandika kweli. Nilikuwa nimesimama pale pale, na nilikuwa nimeshika kitasa." Alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Niliogopa atanifukuza na mimi. Sasa ona."

Betri hakusema amemsamehe, maana hakuwa na hakika. Alimkaangia mayai mawili, akampa na mto.

Mama alikuwa bado anatafuna alipoingia Dada Faili, afisa wa hosteli, aliyekuja kila baada ya wiki mbili kukagua chumba. Jina lilitokana na faili la bluu lisilotoka kwapani.

"Huyu ni nani?"

"Jirani," alisema mama.

"Mama yangu," alisema Betri.

Dada Faili aliichukua fomu, akafika kwenye umri, akamtazama mama juu ya miwani. Kisha akaketi kitandani. Kanuni zilimruhusu mgeni siku tatu kwa kibali, alisema, na kibali angekiandika. Ila alikuwa na swali lake ambalo fomu haikuwa nalo.

"Mkataba wa ile nyumba una jina la nani?"

"Langu," alisema mama. "Nilipanga kabla sijamjua."

Dada Faili na Betri walitazamana.

"Mama," Betri alisema polepole, "umefukuzwa nyumbani kwako na mpangaji ambaye si mpangaji."

Jumatatu wakaenda kwenye ile nyumba wanne: mama, Betri, mwenye nyumba na fundi wa vitasa, Dada Faili akiwafuata nyuma na faili lake. Baba wa kambo alifoka, akasoma mkataba, akafoka kwa sauti ndogo zaidi, kisha akaanza kufungasha. Kutoa friji tisa kulichukua siku nzima, na moja ilikuwa bado na samaki wa mteja; samaki huyo hakuna aliyetaka kumfikiria.

Chumba kilipobaki kitupu mama alifagia, akasimama katikati. "Rudi nyumbani, mwanangu. Nafasi ipo."

"Naona, mama. Lakini nina chumba."

"Chenye godoro lile?"

"Lile lile. Nitakuja Jumapili, tukae, tuongee. Kulala nitalala kwangu."

Mama alinuna, akampa kisogo, akaendelea kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Kisha akauliza, bila kugeuka, kama Jumapili atakuja mapema au atakuja kama mgeni. Betri alisema mapema, akaondoka mbio, kwa sababu dukani kulikuwa na mwalimu anayesubiri nakala mia nne za mtihani, na huyo hakuwa mtu wa kupoa.